Kikundi cha Burudani Msibani kwa Hemedi Pazi

Nchi yetu ina amani. Nalitanguliza hili ili baadaye asije mtu akasema sikulisema. Amani yenyewe ni nyingi kupita kiasi, hata imebidi iwekewe mbwa wa kuilinda, na farasi, na yale magari yanayomwaga maji ya kuwasha. Jina la nchi silitaji, na si kwa woga, jamani: lilichukuliwa na Tume ya Kupitia Upya Jina la Nchi, na Tume iko semina. Likirudi mtaambiwa.

Mimi naitwa Balozi. Si balozi wa kupanda ndege, ni balozi wa nyumba kumi, pale mtaa wa Karakana. Lakini balozi ni balozi. Watu wakinipa shikamoo naitikia marahaba kwa sauti ya kiserikali. Kwenye mpira sina timu. Kila raia ana timu yake, mimi naishabikia Serikali. Ni timu nzuri sana, haijapata kufungwa tangu ianze kucheza, na refa ni shemeji yao.

Timu za mpira ziko mbili, Vumbi na Tope. Zamani ilikuwa moja. Enzi za mkoloni mafundi wa karakana ya reli walikuwa na timu moja, jezi seti moja, na sufuria moja ya pilau waliyokula baada ya mechi. Siku moja wakafungwa vibaya, na kapteni akampa golikipa ukoko wa pilau. Golikipa aliyefungwa! Wakainuka pale pale nusu yao, na mikono haijanawa, wakaenda kuanzisha timu yao. Waliobaki kwenye kiwanja cha juu, kikavu, wakaitwa Vumbi, wakavaa rangi ya chungwa. Waliohamia bondeni, karibu na mfereji, wakaitwa Tope, wakavaa zambarau. Wasomi wetu wameandika kwamba ulikuwa mgawanyiko wa kitabaka uliochochewa na mtaji wa kigeni. Inaelekea hawajapata kuonja ukoko wa pilau ya nyama.

Kwa kuwa walikuwa ndugu na wamegombana, wakawa watani. Mnajua mtani alivyo. Mtani wako anaruhusiwa kukuita mbwa mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako bandani, akapanda kitandani kwako na viatu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umekosa adabu. Na ukifa, ni mtani anayekuja kuchimba kaburi, kuteka maji na kupika. Anavaa nguo zako, anakuigiza ulivyokuwa ukitembea, ulivyokuwa ukila, hata ulivyokufa, mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Jeneza halitoki mlangoni mpaka watani waridhike. Vumbi walizikwa hivyo na Tope, na Tope wakazikwa hivyo na Vumbi, tangu babu zao.

Kwa hiyo siku za mechi yalikuwa matusi, matusi, matusi. Ngumi zilikuwepo, siwadanganyi, lakini ni ngumi za watu wanaojuana majina, na jioni walikutana kwenye kahawa kulinganisha manundu.

*

Ndipo Serikali ikaja kusaidia.

Ilipoona watu wengi namna ile wanatukanana kwa furaha bila kibali, ilishtuka. Ikaweka waya uwanjani. Watu wakachana suruali kwenye waya, wakakasirika, wakaung'oa. Serikali ikasema, mnaona? Wana vurugu hawa! Ikaleta mbwa wa kulinda waya. Mbwa akamng'ata mshika kibendera pale pa kukalia, uwanja mzima ukacheka, na Kamanda Zongo, ambaye ndiye mkuu wa kikosi, akaona kicheko kile kina dalili za uchochezi. Yakaja marungu. Baada ya marungu yakaja mabomu ya machozi. Kila dawa ilipoongezwa ugonjwa ukazidi, na wataalamu wakaeleza kwamba hiyo ni ishara dozi bado ndogo.

Mwishowe tukapata Wizara nzima, Wizara ya Furaha, Michezo na Kutuliza Umati, chini ya Mheshimiwa Daktari Anselmi Ndokolo. Udaktari alipewa na chuo kimoja cha nje baada ya kukitembelea. Yeye ndiye aliyeunda Kikosi cha Furaha. Vijana wale wana kofia za chuma, marungu, na ngao, na kwenye kila ngao amechorwa mtu anatabasamu. Ukipigwa na ngao unapigwa na tabasamu. Nchi jirani zilituma watu waje kujifunza.

Mheshimiwa akawatenga mashabiki, Vumbi upande huu, Tope upande ule, katikati ukuta. Akapiga marufuku shabiki kumtukana mtani wake isipokuwa kwa kupitia ofisi ya mkoa, na ofisi ya mkoa hufungwa siku za mechi. Milango ya uwanja nayo akaifunga yote kwa usalama, ukabaki mmoja wa wananchi na mmoja wa wageni rasmi.

*

Katika nyumba zangu kumi aliishi Hemedi Pazi, fundi baiskeli, mpuliza tarumbeta wa Vumbi. Miguu yake ilikuwa na matege, mbuzi angepita katikati na majani mdomoni. Tarumbeta aliipuliza vibaya sana, lakini kwa moyo. Mkewe, Bi. Mwantumu, ni mwanamke mpole, mwenye haya, hajui mpira una pembe ngapi.

Nyumba inayofuata aliishi Kidawa, muuza mihogo ya kukaanga, kiongozi wa wanawake wa Tope. Huyo ni mnene, na sauti yake ukiwa msikitini unaisikia, ukiwa sokoni unaisikia. Kila asubuhi Hemedi alipeleka sahani yake kununua mihogo, na ibada ikaanza.

"Kidawa! Hii ni mihogo au kuni?"

"Kula, matege, labda miguu itanyooka! Mke mwenzangu, mbona mume wetu huyu humfundishi adabu?"

Yule "mke mwenzangu" ni Bi. Mwantumu, kwa maana mtani hujifanya mke mdogo. Bi. Mwantumu alikuwa anaziba uso kwa upindo wa kanga na kucheka kimya kimya. Kwa miaka yote aliyoolewa hakupata kumrudishia Kidawa hata tusi moja. Alisema hawezi, ulimi wake haukuumbwa hivyo.

*

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mimi sikuwepo uwanjani, nasema nilichosikia redioni na nilichosikia mtaani, na mkiona haviendani msinilaumu mimi.

Mechi ya Vumbi na Tope ilikwisha sifuri kwa sifuri. Hayupo aliyeshinda, kwa hiyo hayupo aliyekasirika. Watu wote wakaelekea kwenye ule mlango mmoja wa wananchi, chungwa na zambarau wamechanganyika, mara ya kwanza tangu ujengwe ukuta. Mlango ukawa umefungwa. Amri ilikuwa usifunguliwe mpaka msafara wa Mheshimiwa upite. Msafara haukuwa umepita kwa sababu Mheshimiwa alikuwa bado katikati ya uwanja, anapigwa picha na mpira.

Watu wakaendelea kuja kutoka nyuma, maana wa nyuma hajui kama mlango wa mbele umefungwa. Waliobanwa mbele wakafanya wanachokijua, wakaanza kutaniana ili wasiogope. Kamanda Zongo akasikia Vumbi wanawatukana Tope, na Tope wanajibu. Akasema haya ndiyo yale. Mabomu yakarushwa.

Redio ilitangaza kwamba mechi ilimalizika salama na watazamaji waliondoka uwanjani kwa utulivu, baadhi yao wakiwa wamebebwa.

Hemedi Pazi alikuwa miongoni mwa waliobebwa. Wenzake walifikishwa hospitali. Yeye alikwisha kufa pale pale mlangoni.

Na Kidawa alirudi mtaani na mikono imechanwachanwa na waya. Akaingia ndani, akafunga mlango, akanyamaza. Kidawa, kunyamaza! Mtaa wote ulishikwa na hofu.

*

Kesho yake Serikali ikatoa maelezo, kwamba marehemu aliuawa na mashabiki wa Tope kwa mawe. Rangi ya zambarau ikapigwa marufuku. Bwana mmoja alikamatwa sokoni akiwa na mabilinganya.

Bi. Mwantumu hakuwa na habari na hayo. Yeye alitaka maiti ya mumewe. Mwislamu akifa huzikwa upesi, haachwi kwenye jokofu kama samaki. Alikwenda hospitali, wakamwambia maiti ni kielelezo cha Tume iliyoundwa kuichunguza mechi ile, aende Wizarani. Akaja kwangu akasema, "Balozi, nisindikize." Nikavaa koti, tukaenda.

Tukapokewa na Afisa Itifaki, kijana nadhifu anayeitwa Didas, anayenukia vizuri.

"Mama, pole sana kwa msiba wa taifa," akasema.

"Msiba wangu," Bi. Mwantumu akajibu.

"Ulikuwa wako, mama. Tangu jana usiku umechukuliwa na taifa."

Akatueleza kwa upole sana. Maiti itatolewa kwa mazishi ya kiserikali. Mheshimiwa Waziri atahutubia pale pale nyumbani, redio itarusha moja kwa moja, na Bi. Mwantumu atakaa mbele, pembeni ya Mheshimiwa. Mheshimiwa akisema marehemu aliuawa na Tope, yeye ataitikia kwa kichwa. Hatalazimishwa kusema kitu. Kichwa tu.

"Na nisipoitikia?"

"Tume itaendelea kukihifadhi kielelezo. Tume zetu huwa haziharakishi, mama."

Bi. Mwantumu akatazama mikono yake. Nilidhani atalia. Badala yake akasema, "Sawa. Lakini mume wangu hatoki nyumbani kwake bila watani."

"Watani ni nani?" Didas akauliza. Alisomea nje, maskini, na kabla ya hapo alisomea bweni.

Bi. Mwantumu akanigeukia mimi. Sasa mimi ni mtumishi wa Serikali, nikiulizwa najibu. Nikasema, "Ni watu wa hapo mtaani, mkubwa. Mtu akifa wanakuja wanaimba, wanavaa kichekesho, wanaigiza igiza kidogo, watu wanacheka."

Uso wa Didas ukafunguka. "Ahaa! Burudani ya asili!"

Alifurahi mno, nusura anikumbatie. Kwa taratibu za Wizara, shughuli yoyote anayohudhuria Waziri lazima iwe na burudani ya asili, na kikundi cha Wizara kilikuwa kimesafiri nje na Mheshimiwa mkubwa kuliko wote kwenda kuwachezea wawekezaji. Akaandika hapo hapo kwenye ratiba, baada ya hotuba ya Waziri: burudani. Hakuniuliza kama wana timu, wala ni timu gani. Mimi ningemwambia, wallahi ningemwambia. Lakini si kazi ya balozi kumjibu mtu jambo ambalo hakuuliza.

*

Alasiri ile Bi. Mwantumu alikwenda kwa Kidawa na furushi kichwani. Mimi nilikuwa napita dirishani kikazi.

"Mke mwenzangu," Bi. Mwantumu alisema, "nimekuletea nguo za mumeo. Mazishi kesho."

Nikasikia sauti ya Kidawa, si ile yetu ya siku zote, ni ya mtu mwenye vumbi kooni. "Sitaweza, Mwantumu. Wanasema tumemuua sisi. Nikitia mguu pale watanichukua. Nina watoto."

"Najua."

"Na wewe je, unajua nani alimuua?"

"Sikuwepo. Wewe ulikuwepo."

Kidawa akaanza kulia. Bi. Mwantumu akamwacha alie, kisha akasema kwa upole wake ule ule, "Nimeambiwa nikae mbele niitikie kwa kichwa. Nimekubali, ili wanipe mume wangu. Lakini nikikaa pale peke yangu na uongo ule, Kidawa, nitakufa. Hemedi kazaliwa ana watani, kaishi ana watani. Atatokaje mlangoni kama mwizi?"

Akaliweka furushi chini akaondoka. Na mimi nikaondoka, maana kazi ilikuwa imekwisha.

*

Siku ya mazishi Serikali ilipendeza. Turubai jipya, viti vya kuzunguka, maji ya chupa, na Kikosi cha Furaha wamejipanga barabarani, tabasamu kwa tabasamu. Magari ya msafara yaliegeshwa mbele ya nyumba, yakaziba njia yote. Waliruhusiwa kupita wafiwa na wageni waalikwa. Yeyote mwenye zambarau, iwe nguo, iwe leso, iwe bangili, arudi alikotoka.

Kikundi cha burudani kikafika. Loo! Lilikuwa kundi zima la Tope, na hakuna aliyevaa zambarau hata uzi. Wote walikuwa wamevaa nguo za marehemu, kama inavyotakiwa, na marehemu alikuwa wa Vumbi damu, kwa hiyo walikuwa chungwa tupu. Mmoja alivaa jezi yake ya zamani, mwingine suruali yake ya kazi yenye grisi, mwingine kiatu chake kimoja, na anachechemea. Mzee Sudi, kinyozi, alibeba mfuko wa vyombo vya jikoni. Mbele yao wote alikuwa Kidawa, amejibana ndani ya jezi ya Hemedi hata mishono inaomba radhi, kofia ya Hemedi kichwani, tarumbeta ya Hemedi kwapani.

Askari waliwapisha. Mmoja aliwaambia, "Poleni sana, ndugu wa Vumbi. Hao Tope tutawakomesha."

"Mungu akulipe, mwanangu," Mzee Sudi akamjibu.

Mheshimiwa akasimama kuhutubia. Ningependa kuitoa hotuba yote lakini nami nina umri. Alianza na historia ya dunia, akapita kwenye bei ya pamba, akafika kwa marehemu jua likiwa limeshapanda sana.

"Ndugu wananchi! Taifa limempoteza mpulizaji mahiri. Hakufa mlangoni kwa sababu mlango ulifungwa, kama wanavyosema wasioitakia mema nchi hii. Mlango ni chombo cha maendeleo. Marehemu aliuawa kwa mawe na mashabiki wa Tope, hao hao waliojiita watani wake!"

Akamtazama Bi. Mwantumu. Didas naye akamtazama, na redio ikanyamaza kana kwamba kichwa kinasikika. Bi. Mwantumu akainamisha kichwa, akakiinua. Alikuwa analipa alichodaiwa.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa akaendelea, "Serikali inaleta Sheria ya Kufuta Utani. Tope imefutwa kuanzia leo. Na kumuenzi marehemu, tutajenga pale uwanjani mlango mwingine mkubwa utakaoitwa Mlango wa Hemedi, na kwa heshima yake utakuwa umefungwa daima!"

Makofi. Didas akashika kipaza sauti. "Na sasa, kabla marehemu hajatolewa, karibuni kikundi cha burudani ya asili!"

*

Kidawa akatoka katikati kwa miguu ya matege. Jamani, yule mwanamke! Alikuwa Hemedi mtupu. Akatembea, akajikuna mgongo kwa bomba la tarumbeta, akapuliza. Ikatoka ile sauti ya punda mwenye mafua tuliyoizoea kila Jumamosi. Wafiwa wakaangua kicheko, na machozi yakatoka hapo hapo. Mheshimiwa alicheka hata miwani ikamdondoka.

Watu wa Tope wakaenda mlangoni kwa Hemedi, ndani ya mlango lilipo jeneza, wakashikana mikono wakauziba. Mzee Sudi akatoa vyombo mfukoni. Akavaa sufuria kichwani, mwiko mkononi, na ungo kifuani. Kwenye ungo alikuwa amechora mtu anatabasamu, kwa mkaa.

Kidawa akaenda mbele yake. "Afande, fungua! Mpira umekwisha!"

"Hakuna kutoka," Mzee Sudi akanguruma, "mpaka msafara upite!"

"Uko wapi huo msafara?"

"Mheshimiwa anapigwa picha na mpira!"

Watu wakacheka, lakini kicheko kikawa kimepungua kidogo. Mheshimiwa ndiye aliyecheka sana. Akamwinamia Kamanda Zongo, aliyekaa upande wake wa pili, na kipaza sauti kiko mbele yake, nchi nzima ikamsikia: "Ni kweli bwana, nilipigwa picha. Na imetoka vizuri!"

Mzee Sudi akachota majivu ya jiko, akayarusha juu. Watu wa Tope wakaanza kukohoa. Kidawa akavua kofia akaishika mkononi, akawa yeye mwenyewe. Akaivaa, akawa Hemedi. Hivyo ndivyo alivyosema kwa vinywa viwili.

"Hemedi, mtani wangu, sipumui. Nakufa."

"Hufi hapa, wewe! Ukifa nitakula wapi mihogo mibovu?"

"Waya unakata. Siwezi kupanda."

"Panda mgongoni kwangu. Kanyaga! La haula, mwanamke mzito huyu, kameza timu nzima na refa wake! Panda nasema!"

Hapo hakuna aliyecheka. Kidawa akainua mguu, akakanyaga hewa, akajivuta kwa ile mikono yake yenye makovu mabichi, akawa kama amefika juu. Kisha akageuka kutazama chini. Kofia ilikuwa imeanguka, iko kwenye mchanga. Hakuiokota.

"Nikageuka," akasema, na sauti ilikuwa yake. "Nikamwita. Nikamtukana matusi yote ninayoyajua, ya mama, ya baba, ya matege yake. Hakujibu. Hemedi anatukanwa, na hajibu!"

Mtu mmoja akapiga makofi. Alikuwa Mheshimiwa. Alidhani igizo limekwisha, na redio ikayachukua makofi yale ikayapeleka kila kijiji chenye betri.

Didas, ambaye jasho lilikuwa limeshinda manukato, akamnong'oneza. Makofi yakakatika.

"Kamata hawa," Mheshimiwa akasema. "Kamanda! Kamata!"

Kamanda Zongo akasimama. Akatazama kofia pale mchangani. Akatazama jeneza. "Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini, "hawa ni watani, wako msibani. Kwetu hawagusiki. Mimi bado nina mama mzee, nitataka azikwe na watu." Akakaa. Ningependa kusema alifanya hivyo kwa majuto, lakini sijui, sikumuuliza.

Bi. Mwantumu akainuka kwenye kiti cha mbele. Akamwendea Mzee Sudi. "Fungueni, tumtoe."

Mzee Sudi alikuwa analia chini ya sufuria, lakini alikuwa mlangoni na mlango una amri yake. "Hakuna kutoka mpaka msafara upite."

Basi Bi. Mwantumu, yule mwenye haya, akageuka. Kichwa kile kilichoitikia kikawa kimenyooka.

"Mheshimiwa," akasema, "tunakungoja wewe. Pita, mume wangu atoke."

Watu hawakupiga kelele. Hawakurusha jiwe. Ule umati wote ambao Serikali iliuandalia mbwa na maji ya kuwasha ulisimama tu, umemtazama mtu mmoja. Mheshimiwa akatafuta miwani, akatafuta la kusema, akakosa vyote. Akaingia garini. Msafara ukaanza kutoka, gari moja moja, ving'ora vimezimwa, kwenye njia nyembamba, na hakuna aliyemharakisha wala aliyempungia mkono.

Gari la mwisho lilipopita, Mzee Sudi akavua sufuria. Tope wakaachana mikono. Jeneza likatoka mabegani mwa Vumbi na Tope, na kwa kuwa wote walivaa chungwa, sijui ni akina nani walioshika mbele.

*

Taarifa ya jioni ilisema mazishi yalifana, burudani ilikuwa ya kiwango, na Waziri aliondoka mapema kupisha shughuli za kifamilia. Didas amehamishiwa kituo cha mpakani, sehemu ya ng'ombe. Tume inaendelea. Mimi niliitwa nijieleze, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, wakasema nimeonyesha ushirikiano.

Wanaume walipokwenda makaburini, wanawake walibaki nyumbani. Kidawa alikuwa amekaa chini kizingitini, ile jezi imempasuka kwapani, hana nguvu ya kuinuka. Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Nani atanitukana mimi sasa?" akasema. "Mke mwenzangu, asubuhi nikifungua genge, nani atanitukana?"

Bi. Mwantumu akasimama mbele yake. Mashavu yakamwiva kwa haya. Akajikaza.

"Ondoka hapo mlangoni, wewe," akasema. "Mwanamke una sura kama kitumbua kilichoungua. Unanizibia njia."

Kidawa akainua uso, akamkodolea macho. Kisha akampa mkono, na Bi. Mwantumu akamvuta akainuka.